Waya ukinyamaza mto haujalala: Jinsi ya kuunda bodi ya kupima kina cha Kuja

WAKAZI wa Nyatike, katika Kaunti ya Migori, wanaufahamu vyema ukatili wa Mto Kuja. Mvua hunyesha mbali, katika nyanda za juu za Kisii na Nyamira, na saa kadhaa baadaye maji huwavamia watu walio chini ya anga isiyo na wingu. Mto huo, ambao wengine huuita Gucha, hupokea maji ya Mto Migori kabla ya kuyamwaga yote katika Ziwa Victoria, na sehemu ya mwisho ya safari yake ni tambarare ambayo maji hayana haraka ya kuiacha.

Mnamo 2020, na tena 2024, mvua za masika ziliwafurusha watu makwao katika eneo hilo. Mwezi Mei 2020 Ziwa Victoria lenyewe lilipanda na kuvunja rekodi iliyowekwa 1964, na fuo nyingi za Homa Bay na Migori zikamezwa na maji.

Kati ya mvua ya Kisii na mafuriko ya Nyatike kuna muda wa saa kadhaa. Muda huo ndio tofauti kati ya familia inayohamisha watoto, mbuzi na magunia ya mahindi ingali mchana, na familia inayoamshwa usiku wa manane na maji yaliyokwisha kuingia chini ya kitanda.

Kwa miaka mingi kina cha mito nchini kimesomwa kwa macho. Msomaji huenda kando ya mto, akatazama ubao wenye alama za mita na sentimita, akaandika kitabuni. Kazi hiyo ni ya thamani, na Mamlaka ya Rasilimali za Maji (WRA) huhitaji takwimu za aina hiyo. Hata hivyo, ubao hauwezi kumwamsha mtu usiku. Ndipo wahandisi wanapotumia kihisi, yaani chombo kinachozamishwa mtoni, kikapima shinikizo la maji na kupeleka habari kwa waya hadi kwenye kisanduku kilicho juu ya ukingo.

Tatizo ni kwamba kihisi na kisanduku hawazungumzi lugha moja. Kihisi hutoa mkondo wa umeme unaopimwa kwa miliampea. Kompyuta ndogo iliyomo kisandukuni husoma volti. Kati yao lazima awepo mkalimani, na mkalimani huyo ni bodi ndogo ya saketi ambayo fundi yeyote mwenye makini anaweza kuiunda. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuiunda, na kwa nini kosa dogo la hesabu laweza kuifanya iseme kweli msimu wote wa kiangazi, kisha idanganye usiku ule mmoja ambao ukweli unahitajika.

KWA NINI MKONDO, SI VOLTI

Msomaji aweza kuuliza: mbona kihisi kisitoe volti moja kwa moja na kuondoa udhia huu wote?

Tuchukue mfano wa mji wa Homa Bay, unaovuta maji yake kutoka ziwani. Tuseme tangi liko mlimani na pampu iko chini ufukweni, na kati yake kuna waya wa kilomita moja. Kihisi kilichomo tangini kikituma habari kwa volti, sehemu ya volti hizo hupotea njiani. Urefu wa waya, viungo vilivyoshika kutu na umeme wa nyaya jirani vyote huipunguza au kuichafua ishara. Kinachofika ufukweni si kile kilichotumwa kutoka mlimani.

Mkondo hauna udhaifu huo. Ufikirie kama maji katika bomba lisilovuja. Shinikizo hupungua kadiri bomba linavyorefuka, lakini kiasi cha maji kinachoingia upande mmoja kwa dakika ndicho kinachotoka upande wa pili, kwa sababu hayana pengine pa kwenda. Vivyo hivyo, miliampea 12 zikitoka mlimani, miliampea 12 zitafika ufukweni, uwe waya mrefu au mfupi, mradi chanzo cha umeme kina nguvu za kutosha kuzisukuma.

Viwanda vingi duniani vimekubaliana juu ya kipimo kimoja: miliampea 4 huwakilisha kiwango cha chini kabisa, na miliampea 20 kiwango cha juu kabisa. Kabla ya hapo viwanda vilituma habari kwa hewa iliyosindikwa ndani ya vibomba, kuanzia paundi 3 hadi 15 kwa kila inchi mraba. Utaona kwamba uwiano ni ule ule, moja kwa tano, na kwamba katika mifumo yote miwili hesabu haianzi sufuri.

Jambo hilo la kutoanza sufuri ndilo kiini cha makala haya. Kama sufuri ingemaanisha tangi tupu, basi waya ukikatwa na wezi wa shaba, chombo cha ufukweni kingesoma sufuri na kuamini kwamba tangi ni tupu. Pampu ingewashwa na kuachwa ikisukuma maji usiku kucha katika tangi lililokwisha kufurika. Kwa upande wa Nyatike hali ingekuwa mbaya zaidi: waya uking'olewa na gogo linaloelea katika mafuriko, kisanduku kingetangaza kwamba mto umekauka.

Kwa mpango wa 4 hadi 20, mto uliokauka husema "nne". Waya uliokatika hausemi lolote. Hivyo kimya na ukavu ni mambo mawili tofauti, na mashine inaweza kuyatenganisha.

Miliampea hizo 4 zina faida ya pili. Kihisi cha aina hii huwa na nyaya mbili tu, na nyaya hizo hizo zinazobeba habari ndizo zinazokilisha umeme. Kwa kuwa mkondo haushuki kamwe chini ya 4 wakati wa kazi, kihisi huwa na riziki ya kuishi hata maji yakiwa yamekwisha.

HESABU YA REZISTA

Kugeuza mkondo kuwa volti ni kazi inayotegemea kanuni aliyoichapisha mwanasayansi wa Ujerumani, Georg Ohm, mwaka 1827: volti ni mkondo ukizidishwa kwa ukinzani. Fundi hupitisha mkondo wa kihisi katika rezista moja, kisha hupima volti zinazojitokeza kati ya ncha zake mbili. Hiyo ndiyo roho ya bodi nzima.

Swali ni rezista ya omu ngapi. Katika vitabu vya zamani jibu ni 250, kwa maana miliampea 4 huzaa volti 1 na miliampea 20 huzaa volti 5. Lakini kompyuta ndogo nyingi za sasa huvumilia volti 3.3 tu. Ukizilisha volti 5 unaziunguza.

Wengine hupiga hesabu ya haraka: 3.3 igawanywe kwa 0.020, jibu ni omu 165. Hesabu ni sahihi lakini uamuzi si wa busara, kwani haukuachwa nafasi yoyote juu ya 20. Kihisi chenye hitilafu huweza kutoa miliampea 21 au zaidi kwa makusudi, ili kumjulisha msikilizaji kwamba kinaumwa. Kwa omu 165, habari hiyo hugonga dari na kupotea.

Omu 150 zinafaa zaidi. Miliampea 4 huzaa volti 0.6, miliampea 20 huzaa volti 3.0, na hata miliampea 21 huzaa volti 3.15, ambazo bado zinasomeka. Ikiwa kompyuta hugawanya volti 3.3 katika ngazi 4,095, basi safari yote kutoka 4 hadi 20 huchukua takriban ngazi 2,978. Kwa kihisi cha mita 5, kila ngazi ni chini ya milimita 2. Hakuna mwanakijiji atakayehitaji usahihi kuliko huo.

Kutoka hapo kupata mita ni hesabu ya darasani: toa 4 katika miliampea ulizopima, zidisha kwa 5, gawanya kwa 16. Miliampea 12 ni mita mbili na nusu.

MTEGO WA BETRI

Sasa tufike kwenye kosa tulilolitaja mwanzoni. Vituo vya kando ya mto haviko karibu na nguzo za umeme. Hutumia paneli ya sola na betri ya volti 12, na fundi asiye na hadhari huunganisha kihisi moja kwa moja na betri hiyo. Siku ya kwanza kila kitu hufanya kazi. Kina kinachosomwa ni kile kile kilichoko ubaoni, na fundi hurudi nyumbani akiwa ameridhika.

Hebu tuhesabu. Vihisi vingi vya aina hii huhitaji volti kadhaa kati ya nyaya zake ndipo vifanye kazi. Tuchukue kimoja kinachohitaji angalau volti 10. Waya wa shaba wenye unene wa nusu milimita mraba una ukinzani wa omu 34 hivi kwa kila kilomita. Kisanduku kikiwa mita 200 kutoka kwenye kihisi, mkondo husafiri mita 400 kwenda na kurudi, nazo ni kama omu 14. Ukijumlisha rezista yetu, njia nzima ina omu 164 mbali na kihisi chenyewe.

Mto ukiwa mdogo, mkondo ni miliampea 4. Njia hula volti 0.66, kihisi huhitaji 10, jumla ni 10.66. Betri ya volti 12 inatosha.

Mto ukijaa, mkondo hutakiwa kufika miliampea 20. Njia hula volti 3.28, kihisi kinahitaji zile zile 10, jumla ni 13.28. Betri haina.

Tuseme ni alfajiri, mawingu yalitanda mchana kutwa, paneli haikupata jua, na betri imeshuka hadi volti 11.8. Zinazobaki kwa ajili ya njia ni volti 1.8. Zigawanye kwa omu 164 upate miliampea 11. Hata kama kihisi kingeendelea na kazi, mkondo hauwezi kupita hapo. Kisanduku kitatangaza mita 2 na sentimita 18. Mto ukipanda hadi mita 3, kitatangaza mita 2 na sentimita 18. Ukipanda hadi mita 4 na kuingia mashambani, kitatangaza yayo hayo.

Ubaya wa hitilafu hii ni kwamba haina dalili. Waya haukukatika, kihisi hakikufa, na tarakimu inayosomwa ni ya kuaminika machoni pa mtu. Isitoshe, hutokea tu wakati wa mvua kubwa, yaani wakati betri ni dhaifu na mto ni mkubwa kwa pamoja. Fundi anayekuja kukagua wakati wa kiangazi atakuta kila kitu salama.

Dawa yake ni rahisi: kuweka kwenye bodi kifaa cha kupandisha volti 12 hadi 24 kwa ajili ya kihisi pekee. Kwa volti 24 hubaki akiba ya zaidi ya volti 10, na betri iliyochoka haiwezi tena kuuficha mto. Gharama ya umeme si kubwa. Volti 24 kwa miliampea 20 ni chini ya nusu wati. Aidha, si lazima kihisi kiwe macho wakati wote. Kompyuta inaweza kukiwasha kwa sekunde kumi katika kila dakika kumi, kikatulia, kikasomwa, kisha kikazimwa. Kwa njia hiyo matumizi ya kihisi hushuka hadi sehemu moja kwa sitini.

REZISTA YA SENTI NA REZISTA YA KWELI

Katika duka la vipuri utapata rezista za kawaida ambazo thamani yake huweza kupotoka kwa asilimia 5. Kwa redio hazina neno. Kwa mto zina neno kubwa.

Rezista iliyopotoka kwa asilimia 5 hufanya miliampea 20 zionekane kuwa 21. Katika kihisi cha mita 5, tofauti hiyo ni sentimita 31, kimo cha kutosha kuvuka kizingiti cha mlango. Rezista yenye upotofu wa asilimia 0.1 hupunguza kosa hilo hadi milimita 6 hivi. Bei yake ni ya juu kidogo, lakini hiki ndicho kipuri kimoja ambacho hakifai kubaniwa. Itafutwe pia ile isiyobadilika sana kwa joto, kwani kisanduku cha chuma kilichoachwa juani kando ya ziwa huwa tanuri adhuhuri, na usiku hupoa.

Kuhusu nguvu hakuna wasiwasi. Miliampea 20 katika omu 150 huzaa wati 0.06 tu. Wasiwasi uko kwingine: maji yakiingia katika kiungo cha waya na nyaya mbili zikagusana, volti 24 zote huiangukia rezista. Hapo hupita miliampea 160 na joto la karibu wati 4, na rezista huungua. Kwa sababu hiyo fundi hutia fyuzi ndogo inayojirudisha yenyewe baada ya hitilafu kuondolewa.

KUPANGA BODI YENYEWE

Mtu aliyekwisha kuchagua vipuri vizuri bado anaweza kuharibu kazi kwa kuvipanga vibaya. Njia za shaba zilizo kwenye bodi ni nyembamba, nazo pia zina ukinzani.

Kisanduku cha tahadhari huwa na modemu ya simu. Modemu ya mtandao wa GSM inapotuma ujumbe huvuta umeme kwa vipindi vifupi vinavyoweza kufika ampea 2. Mkondo huo mkubwa ukirudi kwenye betri kwa kupitia kipande kile kile cha shaba ambacho rezista yetu hukitegemea kama sufuri, hata ukinzani wa sehemu moja kwa mia ya omu huzaa volti 0.02. Hizo ni sawa na sentimita 4 za mto usiokuwepo. Mto huonekana kuruka kila mara simu inapozungumza.

Kanuni ni mbili. Kwanza, njia ya kurudisha umeme wa modemu itenganishwe na ile ya kipimo, na zikutane mahali pamoja tu, penye betri. Pili, waya wa kusomea volti uanzie katika miguu yenyewe ya rezista, wala si mahali popote njiani. Zaidi ya hayo, kompyuta isisome kihisi na kutuma ujumbe kwa wakati mmoja.

Baada ya rezista huwekwa kichujio. Rezista nyingine ya omu 10,000 ikifuatwa na kapasita ya mikrofaradi 1 hupooza mishtuko ya haraka na kuacha mabadiliko ya polepole yapite. Mto haupandi kwa sehemu ya elfu ya sekunde, hivyo hakuna kinachopotea. Kwa kuwa kichujio hicho hudhoofisha ishara mbele ya kompyuta zinazovuta mkondo wakati wa kusoma, mafundi wengi huweka kati yake amplifaya ndogo isiyokuza wala kupunguza, ambayo kazi yake ni kubeba mzigo tu. Amplifaya hiyo lazima iwe ya aina inayoweza kufikia karibu na volti zote inazolishwa, la sivyo itaikata ishara juu.

Mvumo wa umeme wa nyumbani, ambao nchini Kenya hupiga mara 50 kwa sekunde, huweza kuingia katika waya mrefu unaopita kando ya nyaya za pampu. Kichujio huupunguza mara tatu hivi. Unaobaki huondolewa na kompyuta kwa kusoma mara nyingi ndani ya sekunde nzima na kutafuta wastani, kwa sababu mawimbi 50 kamili yakijumlishwa hujifuta yenyewe.

ADUI KUTOKA ANGANI

Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani. Waya wa mita 200 uliolazwa ukingoni ni mtego wa radi hata kama radi yenyewe haikupiga hapo. Ikianguka karibu, huzaa katika waya mshtuko wa volti nyingi zinazoweza kuangamiza bodi kwa kufumba na kufumbua.

Hakuna bodi inayostahimili radi ya moja kwa moja. Lakini mishtuko ya mbali huzuilika kwa ulinzi wa hatua mbili. Mlangoni mwa kisanduku huwekwa kifaa cha gesi kinachoupeleka mshtuko mkubwa ardhini kupitia chuma kilichozikwa. Ndani zaidi, nyuma ya rezista ndogo au fyuzi, huwekwa diodi maalumu inayokata masalio kabla hayajaifikia kompyuta. Ulinzi bila chuma cha ardhini ni kama mlango bila nyumba, kwa kuwa mshtuko hauna pa kwenda.

Unyevu nao ni adui mwingine, tena mtaratibu. Bodi ipakwe vanishi ya kuzuia maji baada ya kulehemiwa na kusafishwa, na waya uingie kisandukuni kutoka chini ukiwa umekunjwa kama kitanzi, ili matone yaangukie nje. Kihisi cha shinikizo huwa pia na kijibomba chembamba ndani ya waya wake, kinachokiwezesha kulinganisha maji na hewa ya nje. Kijibomba hicho kikizibwa kwa utepe na fundi asiyekijua, kihisi huanza kupima hali ya hewa badala ya mto.

KUFASIRI KIMYA

Bodi ikisha kutoa volti safi, kazi ya mwisho ni ya programu. Hapa ndipo wengi hupoteza faida yote ya miliampea 4, kwa kuandika programu inayochukulia kila tarakimu iliyo chini ya 4 kuwa sufuri.

Watengenezaji wa vifaa vya viwandani wana mapatano yanayoweza kufuatwa. Mkondo ulio kati ya miliampea 3.8 na 20.5 ni kipimo. Ulio 3.6 au chini ni hitilafu, na ulio 21 au zaidi pia ni hitilafu. Katika bodi yetu, volti 0.54 au chini humaanisha waya umekatika au kihisi kimekufa, na volti 3.15 au zaidi humaanisha nyaya zimegusana au kihisi kinaumwa.

Programu nzuri basi hutuma ujumbe wa aina tatu, si mbili. Wa kwanza ni "mto uko salama". Wa pili ni "mto unapanda". Wa tatu ni "siuoni mto". Ujumbe huo wa tatu unastahili kumwamsha mtu kama ule wa pili, kwa kuwa waya wa mtoni hukatika mara nyingi pale pale mto unapokuwa na nguvu za kuukata. Isitoshe, kisanduku kitume salamu kila siku hata kama hakuna jipya. Salamu isipofika, mtu aende kutazama.

Kihisi nacho kichaguliwe kwa kuzingatia mafuriko makubwa kuliko yote wazee wanayoyakumbuka mahali hapo. Kihisi cha mita 5 katika mto unaoweza kufika mita 6 kitafika mwisho wa kipimo chake na kunyamaza hapo, huku maji yakiendelea kupanda.

KUPIMA KABLA YA KUAMINI

Bodi isipelekwe mtoni kabla ya kujaribiwa mezani. Ilishwe miliampea 4, kisha 12, kisha 20 kutoka katika chombo cha kupimia, na tarakimu zilinganishwe. Baadaye betri iliyochoka itumike kwa makusudi, au volti zishushwe polepole, huku mkondo ukiwa 20, ili ionekane ni wapi mfumo unaanza kudanganya. Jaribio hili la mwisho ndilo lingemfichulia fundi wetu mtego wa betri akiwa bado karakanani.

Kihisi chenyewe hujaribiwa kwa bomba la plastiki lililosimamishwa wima na kujazwa maji, pamoja na futi ya kawaida. Kikishafika mtoni, ubao wa zamani using'olewe. Mtu anayeusoma kwa macho ndiye shahidi pekee asiyehitaji betri, na mara moja kwa juma masomo ya pande mbili yalinganishwe.

Ujuzi wa kazi hii si mgeni katika kaunti hizi mbili. Mto Kuja umewahi kushikwa na wahandisi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati kituo cha umeme cha Gogo kilipojengwa ili kulisha mgodi wa Macalder. Awendo na Ndhiwa kuna viwanda vya sukari, na katika viwanda vya aina hiyo mkondo wa 4 hadi 20 ndio lugha ya kila siku ya kupimia mvuke, joto na sharubati ya miwa. Mafundi wanaoielewa lugha hiyo wako miongoni mwetu, na vijana wa vyuo vya ufundi wanaweza kujifunza kwao.

Yawezekana kununua kifaa kilichokwisha kuundwa ng'ambo, na wakati mwingine ndilo jambo la busara. Hata hivyo, asiyejua kilichomo ndani hataweza kukitengeneza kikiharibika, wala hatajua kama tarakimu inayomfikia ni ya mto au ni ya betri. Mamlaka zinazonunua vifaa hivyo, na vijiji vinavyowekewa, vina haki ya kuuliza maswali machache: Kihisi kinalishwa volti ngapi mto ukiwa umejaa? Kisanduku hufanya nini waya ukikatika? Nani hupata habari salamu ya kila siku isipofika?

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Usiku Kuja unapofurika, kimya cha waya ndicho mshindo wa kwanza, na bodi iliyoundwa vyema ni ile inayoupeleka kwa watu kabla maji hayajafika mlangoni.